Nyumba ya Lushoto, Kiwanja cha Kitanga

(Maneno yaliyosomwa kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu, Kitanga)



Tumesimama wawili hapa, mume na mke, lakini atakayesoma ni mmoja, kwa sababu mwenzake amesahau miwani kwenye basi. Kwa hiyo mkisikia "sisi", msifikiri tunajikweza kama wafalme. Ni sisi wawili, na kila neno lililo kwenye karatasi hii tumeliandika pamoja, mengine baada ya kugombana.

Kamati ilituomba tuzungumzie kununua nyumba na kuishi katika mji wa milimani ambao wageni huenda kupumzika. Walitupa mada hiyo kwa sababu tunaishi Lushoto, mkoa wa Tanga. Tunadhani kamati ilitaka vijana wasikie kwamba watu wa hapa nao hununua nyumba mahali pazuri. Hilo tutalisema, halina aibu. Ila kuna jambo jingine ndani ya habari hiyo ambalo hatujawahi kulisema mbele ya watu, nalo linahusu Kitanga kuliko Lushoto. Tuvumilieni tufike huko.

Tuanze na jinsi Mha alivyofika Tanga, maana wapo vijana hapa wasiojua. Babu wa mmoja wetu alitoka vilima hivi kwenda kukata mkonge. Wakati huo watu wetu wengi walienda kwa mkataba, ndio hao walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikiandikisha wafanyakazi, na Buha ilikuwa moja ya sehemu ilikochota watu wengi. Walishuka hadi reli, wakapanda treni ya kati, wengine wakaishia Morogoro, wengine wakafika Korogwe, Mombo, Mazinde, Muheza. Waliorudi, walirudi na blanketi na baiskeli. Ambao hawakurudi, wajukuu zao tuko huko mpaka leo, na Kiha chetu kimeingia chumvi ya Kisambaa.

Babu huyo alikata mkonge bondeni, kwenye joto. Ukisimama katika mashamba ya Mombo au Mazinde ukainua macho, unauona ukuta wa milima ya Usambara umesimama mbele yako, na juu kuna ukungu. Alikuwa akisema kwamba kule juu lazima kuna baridi kama ya nyumbani. Alisema hivyo miaka mingi, na hakupanda hata siku moja. Nauli ilikuwepo. Hakuwa na mtu wa kumwendea.

Sisi tulipanda mara ya kwanza tukiwa tayari wafanyakazi, mmoja mwalimu, mwingine muuguzi, tukikaa Korogwe. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kama kilomita 33, lami nyembamba inayojipinda kama nyoka, kushoto mwamba, kulia korongo. Mombo uko chini kwenye mita mia nne na kitu kutoka usawa wa bahari, Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Mnaojua safari ya kutoka Kigoma mjini, ziwani, kupanda hadi Kasulu, mnaelewa mwili unavyoanza kujisikia. Tulipofika Soni tulifungua dirisha la basi. Harufu iliyoingia ilikuwa ya moshi wa kuni zenye unyevu na maharage yanayochemka. Tulitazamana, hatukusema kitu. Tangu siku hiyo tukaanza kuweka akiba.

Lushoto si mji mkubwa. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na wakubwa wao walikuwa wakikimbilia huko joto la pwani linapowazidi. Mpaka leo kuna nyumba za wakati ule, zenye kuta nene na mahali pa kuotea moto ndani. Waingereza nao waliupenda. Siku hizi wanaokuja ni watalii wa nchi nyingi, na watu wa Dar es Salaam wanaotaka kulala chini ya blanketi wakati wa Pasaka na Krismasi. Wanatembea msitu wa Magamba kuona mbega, wananunua jibini na mkate Irente, halafu wanasimama ukingoni mwa mwamba kutazama bonde. Pale Irente ndipo mahali panapopigwa picha kuliko pote. Unaona tambarare yote chini, kama mita elfu moja hivi, na katika tambarare hiyo kuna mistari ya mkonge iliyonyooka. Wageni wanasema mandhari. Sisi tunatafuta kwa macho zilikokuwa kambi za babu zetu.

Basi ndiko tulikotaka nyumba, upande huo wenye mandhari. Tuseme ukweli: tulitaka kusimama juu ya pale babu aliposimama chini.

Sasa, fedha. Mshahara wa watu wawili wa serikali mnaujua. Tulikuwa na akiba, na tulikuwa na mkopo wa chama cha akiba na mikopo kazini, na bado pengo lilikuwa kubwa. Hapo ndipo tulipokumbuka kiwanja cha baba hapa Kitanga. Wengi wenu mnakijua, hatuna haja ya kukielekeza. Kina mstari wa minyaa, kina migomba, kina nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa na kaka yetu mkubwa kabla hajafariki. Ndani ya nyumba hiyo anaishi mjane wake, ambaye watoto wetu humwita mama mkubwa. Alikuwapo mtu wa mjini aliyekuwa tayari kukinunua. Hakuwa mtu mbaya. Lami ilikuwa inasemwa, umeme ulikuwa unasemwa, naye aliona mbele. Bei aliyotaja ilitosha kuziba pengo letu na kubakisha.

Tulipiga hesabu usiku kucha. Tulisema mama mkubwa tutampangishia chumba Kasulu mjini, ama tutamleta Tanga. Hatukumuuliza. Tuliona hakuna cha kumuuliza, kiwanja ni cha baba, na sisi ni watoto wa baba. Kwenye karatasi hakikuwa cha mtu yeyote, kwa sababu karatasi haikuwepo.

Wakati tunasubiri mtu huyo akamilishe fedha, tulipata kiwanja Lushoto, si mbali na ukingo wenye mandhari. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mazuri. Alitupeleka jioni, jua linazama, mahali penye uzuri wa kukutoa machozi. Alikuwa na karatasi ya daftari yenye saini tatu na muhuri usiosomeka. Tulitanguliza shilingi milioni 3. Ndugu zangu, mwalimu na muuguzi, watu wanaowafundisha wengine kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa, tulitanguliza milioni 3 kwa karatasi ya daftari.

Wiki mbili baadaye tulirudi asubuhi, bila kumwambia, tupime kwa hatua mahali pa kuweka jiko. Tulimkuta bibi mzee analima. Alituamkia vizuri sana, akatukaribisha tukae kwenye gogo, akatuuliza mwaka huu tutapanda viazi au maharage. Alidhani sisi ndio tunaokodi shamba lake kwa msimu, maana mwanawe alimwambia wapo watu watakaokodi. Alitueleza sehemu ipi inashika maji na ipi inakauka mapema. Alituonyesha kaburi la mumewe lililokuwa pembeni chini ya mti, akasema tukilima tusilisogelee sana.

Hatukuweza kumjibu. Tulisema tutarudi, tukashuka hadi barabarani, tukakaa juu ya jiwe. Mmoja wetu ndiye aliyesema kwanza, na hatutawaambia ni yupi: "Huyu ni mama mkubwa."

Milioni 3 hazikurudi zote. Tulipata milioni moja na nusu kwa mafungu, kwa miezi kumi na moja, pamoja na gunia moja la viazi ambalo kijana alisisitiza tulihesabu kama elfu sitini. Tulikubali. Na yule mtu wa mjini aliyetaka kiwanja cha Kitanga, tulimpigia simu tukamwambia biashara haipo. Alikasirika, tena kwa haki, kwa sababu tulikuwa tumempa neno letu.

Nyumba tunayoishi sasa tuliipata miaka minne baadaye, na haina mandhari. Inatazama mikaratusi ya jirani. Ina vyumba vitatu, ukuta wa matofali, na bati lililopigwa kutu. Tulimaliza kulipa tukiwa tumestaafu. Lakini tuliinunua sawasawa, na kwa kuwa kamati ilituagiza tutoe ujuzi, tuueleze huo hapa.

Mkitaka kununua nyumba milimani, msiende kuitazama Januari. Nendeni Aprili. Kule mvua za masika huanza Machi hadi Mei, halafu zipo za vuli kuanzia Oktoba, si kama hapa kwetu ambapo msimu ni mmoja mrefu. Nyumba ya mteremko inasema ukweli wakati wa masika. Utaona maji yanapita wapi, utaona ukuta gani umetoa jasho, utaona kama kilima cha nyuma kinashuka kidogo kidogo. Barabara ya kutoka Mombo yenyewe hufungwa na maporomoko mara kwa mara mvua zikizidi. Sisi tulilazimika kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo nyuma ya jiko, na ukuta huo ulikula fedha nyingi kuliko bati jipya. Aliyetujengea alitufundisha kuacha matundu ya maji chini ya ukuta. Ukuta usiopumua huanguka.

Ulizeni pia mto uko wapi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kule milimani kila bonde lina kijito, kwa hiyo viwanja vingi vizuri kwa macho vimo ndani ya mita hizo. Na mteremko mkali sana sheria ya ardhi inaweza kuuhesabu kuwa ardhi hatarishi. Mtu atakuuzia kwa furaha.

Kisha karatasi. Eneo la mji lililopimwa lina mawe ya mipaka yenye namba, na lina hati ya miaka 33, 66 au 99. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa haki ya kuitumia. Usitosheke na kuonyeshwa hati. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ulipie ada yake, uone kama jina lililopo ndilo la anayekuuzia, na kama hati haijawekwa rehani benki. Tafuteni mawe yote kwa macho yenu. La kwetu moja lilikuwa limefunikwa na banda la kuku la jirani, na tuliongea na jirani kabla ya kulipa, siyo baada. Leo ni rafiki yetu, na banda lilisogea hatua tatu.

Halafu muulizeni muuzaji, una mke? Una mume? Yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sisi tulikataa kusaini hadi mke wa muuzaji akaja mwenyewe kutoka Handeni. Muuzaji alitukasirikia. Mke alitushukuru, tena kwa siri, jikoni. Mkataba tuliuandika kwa wakili, tukalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1, naye akalipa kodi yake ya faida ya mauzo. Majina kwenye hati yameandikwa yote mawili. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, hiyo haihitaji somo, inajifundisha yenyewe.

Kuishi kule ni kuzuri. Juni hadi Agosti ukungu unaingia hadi sebuleni. Viatu vya ngozi vinaota ukungu mweupe kabatini, na suti ya harusi ya mmoja wetu imekuwa na madoa kama chui. Tunakula kabichi, karoti, peasi na pichi kwa wakati wake. Ugali wa muhogo upo, wao wanauita bada, ila dagaa wa Kigoma tunawaagiza, na tukiwakosa tunakosa usingizi. Wasambaa ni majirani wema, wakulima hasa. Makinga maji waliyochimba kwenye miteremko ile mngeyaona, mngeona haya kwa baadhi ya mashamba yetu hapa. Kuanzia mwaka 1981 kulikuwa na mradi mkubwa wa kuzuia mmomonyoko kule, na mistari ya majani ya ng'ombe iliyopandwa kukata mteremko bado ipo.

Lakini tuseme na tunaloliona dirishani. Katika mtaa wetu kuna nyumba tatu nzuri kuliko zote, na zote tatu hazina taa siku nyingi za mwaka. Wenyewe wako mjini. Mlinzi anafagia majani. Pasaka zinajaa magari na muziki, Jumanne zimefungwa. Viwanja hivyo vyote vitatu viliuzwa na watu tunaowajua, na wawili kati yao leo wamepanga vyumba chini karibu na stendi. Hawakunyang'anywa. Waliuza kwa hiari, kwa bei waliyoiona kubwa siku ile, na miaka mitatu baadaye kiwanja cha jirani kikauzwa mara nne ya bei hiyo.

Hata nchi tajiri limewasumbua. Uswisi, nchi ya milima na theluji, mwaka 2012 wananchi walipiga kura wakaamua kwamba nyumba za mapumziko za watu wa mbali zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika halmashauri moja. Waliona vijiji vyao vinakuwa na madirisha yaliyofungwa.

Na kwetu jambo hili lina mizizi ya zamani. Novemba 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Mzungu aliweza kuonyesha karatasi. Mwafrika alionyesha shamba, na shamba lililopumzishwa lilionekana halina mtu. Huko Usambara ndiko walowezi walikochukua sehemu nyingi nzuri. Walioshindwa hawakuwa wavivu. Walikuwa na jembe, na hawakuwa na maandishi.

Sasa turudi hapa Kitanga, kwa sababu jana tumezunguka.

Lami ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu si hadithi tena. Umeme wa gridi umekuja mkoani. Hewa yetu ni ile ile ya Lushoto, vilima vyetu vinapendeza, udongo wetu unatoa maharage yanayosifiwa hadi Dar es Salaam. Hatusemi watalii watajaa kesho. Lakini wanunuzi wameanza kuja, na jana tumeona kwa macho yetu karatasi za daftari. Kijana mmoja, hatutamtaja, ametuonyesha kwa furaha karatasi aliyouzia nusu ekari ili anunue bodaboda. Tulimuuliza halmashauri ya kijiji imesema nini. Akasema shahidi alikuwa rafiki yake. Ndugu, mnunuzi asiye mwanakijiji hapati haki kwenye ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iko wazi. Kwa hiyo yule mnunuzi naye ametapeliwa, kama sisi na milioni zetu 3, na siku moja watakuja kupigana hapa, yeye na kijana, na bodaboda itakuwa imeshakufa.

Hatujasimama kuwaambia watu wasiuze. Mtu mzima ana shida zake, na ada za shule zina tarehe. Sisi wenyewe tulinunua ardhi ya watu wengine milimani, tutawakatazaje wengine kununua hapa? Tunasema anayeuza ajue anauza nini, na anayeishi ndani asisikie habari kutoka kwa mpima hatua.

Ndiyo sababu tunaunga mkono lile ambalo kamati imeliweka mbele mwaka huu, masjala ya ardhi ya kijiji. Tumesikia wengine wakinung'unika kwamba chama kingejenga darasa au zahanati, kwamba masjala ni chumba cha makaratasi tu. Tumenung'unika pia, tulipopata barua. Lakini kijiji hakiwezi kuwapa watu hati za hakimiliki ya kimila bila kuwa na cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, na masjala ya kutunzia daftari na hati. Chumba chenyewe si kikubwa. Kinataka mlango wa chuma, madirisha yenye nondo, kabati linalofungwa, meza na viti. Fedha nyingi zitakwenda kwenye mpango wa matumizi na upimaji wa mipaka, ambao unataka wataalamu kutoka wilayani na siku nyingi za kutembea na wazee mashambani. Hapo ndipo penye mjadala, na tunaomba mjadala uwepo: njia ya mifugo ipite wapi, msitu wa kijiji uishie wapi, chanzo cha maji kilindwe kwa mita ngapi, eneo la shule la miaka 30 ijayo liko wapi. Likishauzwa halipimwi.

Hati ya kimila haina ukomo wa miaka kwa mwanakijiji. Inasainiwa hapa kijijini na kusajiliwa wilayani. Wapo wazee wanaouliza kama mwanamke anaweza kuandikwa. Anaweza. Sheria hiyo hiyo inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Mume na mke wanaandikwa pamoja. Mjane anaandikwa. Hili tunalisema taratibu kwa sababu tunajua lina joto katika koo zetu, na ukoo wetu ni mmoja wao. Tulikaa nao jana usiku hadi saa sita. Baba mdogo alikataa, akatoka nje, akarudi, akaomba chai. Mwishowe alisema tuandike, ila migomba ya upande wa chini ibaki kuwa ya ukoo mzima, na hilo tumekubaliana.

Kwa hiyo tunayoyatoa leo ni haya. Tunatoa shilingi laki saba taslimu, ziko kwa mhazini, na mifuko 20 ya saruji ambayo tutailipia dukani Kasulu kesho kabla ya kupanda basi. Kabati la chuma tulikuwa tumeliahidi pia, lakini watu wetu wa Dar es Salaam wametuambia wamekwisha kulinunua, basi sisi tutaweka meza. Na kiwanja cha baba, siku daftari litakapofunguliwa, kitaandikwa kwa jina la mama mkubwa pamoja na watoto wake. Majina yetu hayatakuwepo. Hati yetu iko Lushoto.

Anayepita njia ya Tanga ashuke Mombo, apande gari za Lushoto, aje na koti. Chumba cha tatu kina kitanda.

Mama mkubwa yuko hapa, ameketi nyuma karibu na mlango, amefunga kitenge cha bluu. Tulimuomba aje mbele asimame nasi, akasema ana maharage jikoni na hawezi kukaa mpaka mwisho. Tunaona bado hajaondoka.